Fimbo Iliyongoja Mlimani

Ninyi vijana mtakaosoma haya, someni mkiwa mmekaa. Msisome mkitembea wala mkipika. Mmeniuliza kanisani, mmeniuliza kisimani, mmeniuliza hata kwenye foleni ya sukari dukani: "Ma Paskazia, ilikuwaje huko Kilimanjaro?" Nimechoka kumjibu kila mtu kipande chake. Kuandika nimejifunza kwenye kisomo cha watu wazima nikiwa tayari na wajukuu wanne, kwa hiyo nitaandika mara moja tu, na atakayeniuliza tena nitamwonyesha daftari hili.

Habari za ruhusa na barua za safari siziandiki. Kila aliyesafiri anazijua, na asiyesafiri hazitamsaidia.

Nilichokifuata

Laurenti ni mdogo wangu wa tumbo moja. Alikuwa mtiifu kupita kiasi. Siku moja akiwa mtoto, Mama alimwacha mtoni na mtungi, akamwambia, "Ngoja hapa." Mama akaitwa nyumbani, baba ameanguka, akamsahau mtoto. Mvua ikanyesha mchana kutwa. Jioni tulimkuta amesimama palepale, maji yamemfika magotini, mtungi ameukumbatia. Nikamwuliza kwa nini hakukimbia. Akasema, "Mae aliniambia ningoje." Hili mlishike, mtalihitaji mbele.

Aliondoka kijijini kwetu Kishanda mwaka mmoja kabla ya Uhuru, na fimbo ya baba mkononi, fimbo yenye kichwa cha ng'ombe ambaye pembe yake moja imekatika. Akapata kazi ya kuwabebea mizigo wapanda mlima. Alituma barua mbili na shuka moja, kisha kimya. Uhuru ukaja, tukacheza ngoma. Azimio likaja, tukaandamana. Vijiji vikaja, tukahesabiwa. Laurenti hakuja.

Mama hakuwahi kuweka komeo la mlango tangu siku Laurenti alipoondoka. Kila jua likikaribia kuzama aliweka kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna pale mlangoni, ile tunayoiita akamwani, kama mgeni yuko njiani. Miaka hii ya mwisho akaanza kusema anasikia fimbo ikigonga huko nje kwenye migomba. "Anagonga," anasema. "Hajui pa kuingilia." Mimi sikusikia kitu. Nilimwambia, "Mae, ni jani la mgomba." Akanijibu, "Jani la mgomba nalijua tangu sijakuzaa."

Basi mwaka huu ikaja barua kutoka kwa mwalimu mmoja wa Ijuganyondo aliyepangiwa kufundisha Marangu. Kaandika kwamba kuna mzee huko, kiongozi wa wapanda mlima, ana habari za mtu waliyemwita Mhaya tu, jina lake jingine hawakulishika. Huyo Mhaya alipotea mlimani zamani, ikabaki fimbo yake. Imesimikwa huko juu, kichwa cha ng'ombe, pembe moja imekatika.

Katika ukoo wetu, mtu aliyefia mbali bila mwili kuonekana huletwa kwa kitu alichokishika mkononi. Kitu hicho huzikwa kibanjani, kwenye migomba ya nyumbani, kama yeye mwenyewe. Na wa kukifuata ni lazima awe amenyonya ziwa moja naye. Nilikuwa nimebaki mimi peke yangu. Mama alikuwa hali tena vizuri, miguu imevimba. Alinishika mkono akaniambia, "Nataka nifunge mlango wangu nikiwa hai." Kisha akanipa masharti. Njia nzima niseme na Laurenti kama mtu. Tukisimama, nimwambie tumesimama wapi. Tukiondoka, nimwambie twende.

Nilimwitikia kama mtu anavyomwitikia mgonjwa. Mimi nasali, sizungumzi na miti.

Kishanda hadi Mwanza

Nilipanda lori la kahawa, nimekaa juu ya magunia na mwanangu Deogratias, ambaye alinisindikiza hadi Bukoba. Kabla hatujafika Muleba gurudumu likapasuka. Utingo akasema ni nusu saa. Tulikaa mpaka jua likatupiga utosini, tukala ndizi na maharage niliyofunga kwenye jani, na yule aliyesema nusu saa akala zaidi yetu sote.

Meli nayo ikachelewa. Ziwani sina la kusema ila nilitapika. Mwanza nilikaa siku mbili nikingoja basi, kwa binamu wa mume wangu, ambaye mkewe anapika samaki na magamba. Nimeandika na atasoma.

Singida

Basi lilitufikisha Singida likafia hapo. Dizeli hakuna, na kipuri kimoja kilikuwa kinatoka Arusha na hakifiki. Tulikaa siku tatu. Karibu na gereji palikuwa na mama wa Kinyaturu anaitwa Bi Zuhura, mwenye kibanda cha chakula, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Aliniletea ugali wa mtama na mlenda.

Nikamwuliza, "Ndizi huna?"

"Nyie Wahaya!" akacheka, akawageukia wateja wengine. "Mkute peponi, atamwuliza malaika ndizi ziko wapi!"

"Nitamwuliza," nikamjibu, "na akisema hakuna nitajua nimekosea mlango."

Kuanzia hapo tukapatana. Nilikaa kwake siku zote tatu, nikimsaidia kuchambua mtama. Hakuniuliza ninakwenda kufanya nini, nami sikumwambia. Kumbukeni hilo pia.

Marangu

Marangu nilidhani nimerudi kwetu. Migomba, kahawa chini yake, mifereji ya maji, watu wanaosalimiana mpaka chakula kinapoa. Mwalimu alinipeleka kwa yule kiongozi, Mzee Elinami, mtu mrefu aliyeinama, vidole viwili vya mguu vimekatwa kwa baridi ya mlimani.

Nilimpa zawadi ya akamwani kama inavyopasa. Aliitazama kiganjani, akamtazama mkewe.

"Ni mbegu?" mke akauliza. "Tuioteshe wapi?"

"Unatafuna," nikasema.

"Mama, sisi hapa kahawa tunaiuza."

"Na sisi tunaiuza. Inayobaki tunawapa wageni."

Mzee akatia moja mdomoni, akatafuna kwa adabu kama mtu anayemeza dawa ya hospitali. Akatoka nje. Aliporudi alikuwa ameshika jani refu la kijani, amelikunja na kulifunga fundo, akanipa kwa mikono miwili huku ameinamisha kichwa.

Mimi jani lile nalijua. Kwetu ni omulamula. Tunaupanda kwenye mpaka wa kibanja, na anayeuchuma kukuletea anakuambia kwamba mpaka wako ameung'oa, mkutane barazani. Nikainuka.

"Mzee, nimetoka Kishanda, nimekuja kuchukua fimbo ya ndugu yangu. Shamba lako sikulitaka. Unanitafutia kesi ya nini?"

 Mzee alibaki na mikono imenyooka na jani lake. Mkewe ndiye aliyenivuta pembeni.

"Mama, tulia. Hili ni isale. Kwetu mtu akikunjiwa isale anaombwa msamaha. Hata aliyeuliwa mtoto, akiletewa hili, ni vigumu kukataa. Huyu mzee amelibeba moyoni tangu Uhuru."

"Msamaha wa nini?"

Mzee Elinami ndipo akasema, bila kuniangalia. Walikuwa wamepita kibanda cha pili cha kulala wapanda mlima, ukungu mzito, na mmoja wa wageni akaanza kutapika damu. Wakalazimika kumshusha haraka. Laurenti alikuwa na mzigo mkubwa kuliko wote. "Nikamwambia, 'Mhaya, ngoja hapa kwenye jiwe, nitarudi.' Nilirudi baada ya siku mbili. Mzigo umewekwa vizuri, umefunikwa. Fimbo imesimikwa. Yeye hayupo. Tulimtafuta wiki nzima."

 "Mara tatu nimekwenda kuichukua ile fimbo nimlete kwao. Mara tatu ukungu umeshuka, nikasikia mtu anakohoa pale jiweni. Mara tatu nimegeuka. Mama, nilimwambia angoje. Nadhani bado anangoja."

Mimi nilikuwa nimemwona mtoto yule mtoni na maji yakiwa magotini. Nikalipokea jani. Nikalifunga kwenye ncha ya khanga.

Kibanda cha kwanza na cha pili

Getini pana mwanamume anayeuza fimbo za ukumbusho. Wageni wakipanda nazo, kila kibanda kinachoma alama kwa chuma cha moto, wakirudi kwao wanaonyesha.

"Bibi, fimbo! Ukumbusho wa Kilimanjaro!"

"Nimekuja kuchukua fimbo yangu."

Akaniletea sita nichague. Nikamwambia yangu iko juu. Akasema, "Juu hawauzi, Bibi, watakudanganya." Mzee Elinami akanunua moja akanipa kunyamazisha kelele. Kumbe ilinisaidia.

Siku ya kwanza ni msitu. Miti imevaa ndevu, maji yanadondoka hata bila mvua. Nimebeba mikungu ya ndizi milimani kwetu tangu nikiwa msichana, sikuona taabu. Vijana wawili wa chuo tulioongozana nao walikuwa wanahema kama mbuzi wa Krismasi. Siku ya pili msitu ukaisha ghafla, na kichwa kikaanza kuniuma. Pale kwenye kibanda cha pili pana miti ambayo sijui Mungu aliiwekea nini. Shina moja, kichwa kama kabichi, na majani makavu yamening'inia kuzunguka shina kama makoti, mithili ya migomba ambayo mwenyewe amekufa hakuna wa kuipunguza majani. Imesimama moja moja, inatazama njia. Nilijikuta nawaamkia.

Jiwe

Asubuhi ya siku ya tatu tukatembea wawili, mimi na mzee. Anga lilikuwa jeupe, mlima umekaa mbele yetu na theluji yake, karibu kama ukuta wa jirani. Tulipokaribia, mzee alisimama akaniashiria kwa kidevu. Hakusogea tena.

Jiwe ni kubwa, refu kuliko nyumba. Chini yake fimbo imesimama wima. Ng'ombe wa baba, pembe moja. Mti umekuwa wa kijivu, umejaa alama za kuchomwa kutoka juu mpaka chini, kila safari yake alama moja. Nilipoweka mkono ukungu ukashuka. Haukuja kwa upole. Ulishuka kama shuka mtu anayotupiwa kichwani, nikawa sioni hata miguu yangu.

Na mtu akakohoa.

Si mbali. Pale upande wa pili wa jiwe, kama mtu anayekumbusha kwamba yupo.

Nitasema kweli. Sikuwa na ujasiri wowote. Nilishikwa na hasira, ile hasira ya kumwona mtoto wa nyumba yako amelowa. Nikasema kwa Kihaya, kwa sauti ya kumwita mtu chakula kimeiva: "Laurenti. Ni mimi, Paskazia. Mae amesema inatosha. Twende nyumbani."

Fimbo ikatoka ardhini bila kuvutwa sana. Nikarudi kwa kufuata sauti ya Mzee Elinami, aliyekuwa ananiita kwa nguvu. Nilipomfikia alinitazama, kisha akatazama nyuma yangu, akavua kofia.

Kushuka nilikuwa na fimbo mbili, ile ya getini mkononi na ya Laurenti kwapani. Kwenye mawe, fimbo yangu ikigonga, nyuma yangu ikagonga nyingine. Nikisimama inasimama. Mzee alikuwa mbele na hakuwa na fimbo. Sikugeuka. Nilisema, "Laurenti, hapa pana utelezi," tukaendelea.

Kibanda cha pili walichoma alama kwenye fimbo yangu, na cha kwanza vilevile. Getini mwanamume wa fimbo akaongeza ya tatu, akaniuliza, "Na huyu mzee mwingine hachomi?" Nikamwambia anazo za kutosha.

Singida, mara ya pili

Basi lilifika Singida likafia palepale lilipofia mwanzo. Bi Zuhura aliponiona alipiga kigelegele. Akaja na sahani mbili.

"Mbili za nini?" nikamwuliza.

"Yako na ya mzee wako." Akaelekeza midomo kwenye benchi, mahali nilipoiegemeza fimbo. "Mbona ukienda hukuwa naye? Mwambie asogee, jua litamchoma." Kisha akapepesa macho, akatazama benchi, akatazama tena. "Ah. Alikuwa hapa sasa hivi. Amekwenda wapi?"

"Amekwenda kunawa," nikasema. Chakula sikitupi, nikala zote mbili.

Kwenye kizuizi cha barabara mgambo aliingia akatuhesabu. Akamwambia dereva, "Ndugu, umezidisha mmoja." Dereva akahesabu, sawasawa. Mgambo akahesabu tena, kazidi mmoja. Walibishana mpaka abiria wakaanza kuimba. Mgambo akashuka anakuna kichwa. Mimi kimoyomoyo nikasema, "Laurenti, huyu ni mgambo, si neno, twende." Kimoyomoyo, kwa sababu kando yangu alikaa katekista, nikaona haya.

Haya ile ndiyo iliyoniponza.

Mwanza hadi Bukoba

Bandarini Mwanza palikuwa na umati. Foleni ya tiketi inazunguka ghala. Nikaiegemeza fimbo ya Laurenti kwenye nguzo, nikanong'ona, "Ngoja hapa." Nikasimama foleni muda mrefu. Nilipotoka, mpagazi alikuwa ameshashika mizigo yangu yote, fimbo zote mbili na kikapu, anakimbia nayo ngazini, anapiga kelele meli inaondoka. Nikakimbia. Watu wananisukuma, mtawa mmoja ananishika mkono, "Pole Mama, pita." Sikufungua mdomo. Nikapata pa kuketi, nikalala.

Asubuhi Bukoba. Nilishuka, nikakaa kwa mama mmoja muuza chai karibu na geti la bandari. Nikaegemeza fimbo kwenye benchi. Akaniletea kikombe kimoja.

Nikakitazama. Nikangoja.

"Kuna jingine, Mama?"

"Hakuna kingine?"

"Unataka kingine?"

"Sitaki," nikasema. Niliishika fimbo. Ilikuwa nyepesi kama kuni iliyokauka. Njia yote kutoka mlimani ilikuwa na uzito, sikuwa nimeuona mpaka ulipoondoka.

Deogratias akatokea, macho mekundu. "Mae, nimekungoja siku mbili. Bibi amepakwa mafuta ya wagonjwa. Padri alikuja juzi. Lori lipo, tuondoke sasa hivi, tunaweza kumkuta."

"Siendi," nikasema.

"Unasemaje?"

"Nimemwacha mjomba wako Mwanza."

Mwanangu alinitazama kama mtu anayetafuta homa. Akaigusa fimbo. "Mjomba si huyu hapa?"

"Huo ni mti. Nilimwambia angoje penye nguzo, na sikumwambia twende."

"Mae! Bibi anakufa! Anataka kuiona fimbo, umeishika mkononi! Nani atajua?"

"Yeye atajua. Ataushika mti ataniuliza, 'Yuko wapi?' Nimwambie nini? Kwamba niliona haya mbele ya watu?"

"Na akifa kabla hujarudi?"

 Yeyote anayedhani ilikuwa rahisi hajawahi kuwa na mama. Nilimwambia, "Nenda umwambie tuko njiani. Mwambie nimekosea, ninarekebisha." Akalia mbele ya watu, mtu mzima. Kisha akaenda, maana nimemlea kutii.

Mwanza, mara ya pili

Nilirudi kwa meli ileile. Wafanyakazi walidhani nimechanganyikiwa.

Ile nguzo ilikuwa imezungukwa na nafasi tupu. Bandari imejaa, watu wamekanyagana, wamekaa juu ya mizigo, lakini kando ya nguzo hakuna aliyekaa. Nilimwuliza mama mmoja mwenye mtoto mgongoni kwa nini amesimama juani wakati kuna kivuli pale. Akasema, "Pana mtu." Akatazama. "Palikuwa na mtu."

Sikunong'ona safari hii. Nikafungua ncha ya khanga, nikatoa lile isale la Marangu, limenyauka lakini fundo lipo. Sikujua kama jani la Wachagga linamhusu mtu wa Kishanda. Lakini alikaa kwao muda mrefu. Nikalishika kwa mikono miwili, nikainamisha kichwa kama Mzee Elinami, mbele ya wapagazi, mapadri, askari na wauza dagaa.

Nikasema kwa nguvu, "Laurenti, nisamehe. Nilikuacha ukingoja. Nilikuonea haya. Sasa twende, tunavuka ziwa, Mae yuko mlangoni."

Watu walicheka. Mmoja akasema, "Bibi amelewa rubisi." Nikaishika fimbo, mkono ukashuka kwa uzito. Nikamwambia yule aliyecheka, "Ndugu, tupishe." Akapisha. Akapisha mara mbili, mimi nilipopita, halafu tena.

Ngazini mkata tiketi akanyoosha mkono asaidie. Si mimi niliyesaidiwa. Alisema, "Taratibu, Mzee."

Kishanda

Muleba lori halikuharibika. Nilitaja kila kilima kwa sauti, utingo akaacha kupiga mluzi.

Deogratias alikuwa amesimama penye njia ya kibanja. Nikamwuliza kwa macho. Akasema, "Yupo. Tangu jana hasemi."

Jua lilikuwa linakaribia kuzama. Nilipita katikati ya migomba polepole, fimbo ya Laurenti naigongesha chini, na kwa mara ya kwanza nikaisikia kama Mama alivyokuwa anaisikia. Kikapu cha akamwani kilikuwa mlangoni. Mtu alikuwa amekumbuka kukiweka.

Mama alikuwa amelala, uso ukutani. Bila kugeuka akasema, "Mbona mmekawia hivyo?"

"Nilikosea njiani, Mae."

"Ingieni."

Nikampa fimbo. Aliipapasa kichwa, pembe iliyobaki, pale palipokatika. Akapitisha vidole kwenye zile alama zote mpaka chini, bila haraka, kama mtu anayemkagua mtoto aliyetoka kucheza. Kisha akasema, "Paskazia, weka komeo."

Nikaweka komeo. Lilikuwa na kutu, likalia.

Siku ya tatu tulimzika Laurenti kibanjani, fimbo imeviringishwa kwenye lubugo, nguo ya gome la mti, padri akiwa amekubali kubariki ardhi bila kuuliza sana. Mama alibebwa kwenye kiti, akatupa udongo. Siku ya tisa akafuata, mchana, akiwa amelala usingizi. Sasa wako ubavu kwa ubavu, na tangu hapo jioni huku kwetu majani ya mgomba ni majani ya mgomba.

Ile fimbo nyingine, ya getini, yenye alama tatu, nimeitundika juu ya mlango kwa ndani. Jioni ya matanga niliwakusanya wote wa nyumba yangu, wakubwa kwa wadogo, nikawaonyesha ilipo, nikawaagiza hivi: "Nikifia mbali, aje na fimbo hiyo aliyenyonya ziwa langu. Aniite kwa sauti. Aniambie kila tunaposimama na kila tunapoondoka, bandarini, garini, mbele ya padri, mbele ya mgambo. Na mwenye haya asije."